Wanagofu 16 kutoka Dar kwenda Nairobi: wachague viwanja vipi vya miti?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wanagofu 16 wa Dar es Salaam. Wengi wetu tunacheza Lugalo na Gymkhana. Mwezi Agosti tunataka kwenda Kenya kwa siku tano, Jumatano hadi Jumapili. Orodha yetu kwa sasa ni Windsor, Muthaiga, Karen, Limuru na Vipingo, uwanja mmoja kila siku. Handikapu zetu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa kila mchezaji kulingana na uwezo wake, zinaanzia 6 hadi 28; ndogo ndiyo ya fundi. Tuna wanawake wanne, wazee wawili waliovuka miaka 70, na wenza watatu wasiocheza kabisa. Wapo wanaotaka viwanja vya mashindano makubwa na wapo wanaoogopa kuaibika. Tuchague vipi viwanja hivi vya miti mingi ili kila mmoja aifurahie safari?

JIBU: Katibu, orodha yenu ni nzuri kwa watu wanne wenye handikapu 6. Kwa watu 16 kama mlivyo, itawachosha kabla ya siku ya tatu kwisha. Mimi ningebakiza viwanja vitatu: Windsor, Muthaiga na Karen. Limuru ningeiacha iwe hiari ya wenye nguvu zao, na Vipingo ningeiwekea safari yake. Siku nazo ningezihamisha: fikeni Jumapili, ondokeni Alhamisi jioni. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, maana najua mkikaa kikao mtavutana, na ni vizuri mvutane mkijua mnachopima.

Tuanze na Vipingo, tuimalize. Uwanja wenyewe hauna kasoro. Ule wa Baobab, uliochorwa na David Jones, ndio ulioandaa mashindano ya kwanza ya Magical Kenya Ladies Open mwaka 2019, na mkono huohuo ndio uliochora Kili Golf kule Usa River, ambako huenda baadhi yenu mmeshacheza. Lakini Vipingo iko Kilifi, juu ya tuta linalotazama bahari. Huko mnapambana na upepo, njia za kuchezea kutoka tii hadi shimo ni pana, na mibuyu imesimama mmoja mmoja. Huo si mchezo wa miti mliouomba. Halafu kutoka Nairobi mtalazimika kupanda ndege au treni, na siku nzima ya safari yenu itaishia njiani. Mtu wa Dar akitaka gofu ya pwani ya Kenya, aende Mombasa moja kwa moja, aunganishe Vipingo na Nyali na Leisure Lodge ya Diani. Hiyo ni wiki yake.

Sasa hivi viwanja vya bara. Uwanja wa miti, paklendi kama wachoraji wanavyouita, ni uwanja ulio mbali na bahari, udongo wake una rutuba, nyasi zake ni nzito, na kila shimo limezungushiwa miti yake kama chumba chenye kuta. Mpira ukitua hautembei sana, kwa hiyo mnacheza hewani zaidi kuliko ardhini. Upepo haukusumbui. Kinachokusumbua ni uelekeo. Mchezaji anayepiga mita 170 moja kwa moja atapita Karen akiimba, na kijana wenu anayepiga mita 260 huku mpira ukipinda kulia atatumia asubuhi yake akichungulia chini ya mikaratusi.

Ndiyo maana nasema msimpimie uwanja bingwa wenu. Mpimieni mtu wa katikati. Kwenye kikundi chenye handikapu 6 hadi 28, mtu huyo ana kama 19 au 20, na ndiye anayeamua kama safari imekwenda vizuri, kwa sababu wa mfano wake ndio wengi. Mwenye 6 atafurahi popote. Mwenye 28 amezoea kupoteza mipira. Huyu wa 20 ndiye anayekuja na matumaini, na uwanja usiomfaa humvunja moyo mapema, akiwa shimo la tano tu.

Kuna hesabu ndogo ya kuonyesha jambo hili. Mfumo wa handikapu wa dunia uliozinduliwa mwaka 2020 unachukua indeksi yako (handikapu yako kabla ya kuangalia uwanja wowote), unaizidisha kwa slopu ya uwanja (namba ya ugumu wake), unagawa kwa 113, kisha unaongeza tofauti kati ya kipimo cha uwanja (mikwaju anayotarajiwa kupiga fundi) na pa (mikwaju iliyowekwa kuwa ya kawaida kwa uwanja huo). Slopu ya 113 ndiyo ya wastani. Ikipanda, maana yake uwanja unamuumiza mchezaji wa kawaida kuliko unavyomuumiza fundi. Tuchukue slopu ya 132 kwa mfano tu. Mwenye indeksi 6 anapata mkwaju mmoja wa ziada. Mwenye 20 anapata mitatu na kidogo. Mwenye 28 anakaribia mitano. Uwanja ni uleule, lakini adhabu hailingani. Kabla ya kulipa chochote, iombeni kila klabu kadi yake ya alama yenye slopu na kipimo cha kila tii, pale panapopigwa mpira wa kwanza, na mhakikishe tii za wanawake nazo zimepimwa. Kama hazijapimwa, wanawake wenu wanne hawatakuwa na handikapu halali siku hiyo, na mashindano yenu ya ndani yataharibika.

Lakini slopu haisemi yote. Viwanja viwili vinaweza kuwa na slopu moja huku kimoja kikiwa kigumu kwa urefu na kingine kwa miti. Kwa kikundi, ugumu wa urefu unarekebishika, mnasogea tii za mbele basi. Wa miti haurekebishiki. Kwa hiyo fungueni picha za setilaiti, chagueni mashimo sita hivi, mpime nafasi iliyopo kati ya mstari wa miti wa kushoto na wa kulia, mita 180 kutoka tii. Hapo ndipo mpira wa mtu wenu wa katikati unapotua. Nafasi ikiwa mita 40 na zaidi, atacheza. Ikishuka chini ya 30 kwenye mashimo mengi, atateseka. Kipimo hiki ni changu, hakimo kwenye kitabu chochote, lakini hakijawahi kunidanganya.

Picha za juu haziwezi kuonyesha sakafu ya msitu, na hili ndilo watu husahau kuuliza. Je, chini ya miti pamefyekwa au kuna vichaka? Pakiwa pamefyekwa, mpira ulioingia mitini unaonekana, mtu anautoa kando kwa fimbo fupi, amepoteza mkwaju mmoja, maisha yanaendelea. Vichaka vikiwepo ni habari nyingine kabisa. Mpira unapotea, watu wanne wanasimama kuutafuta, na tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019 muda wa kutafuta ni dakika tatu tu, kisha mtu anatakiwa arudi alikopigia mwanzo. Mara sita, mara nane kwa kila kundi, raundi imechukua saa tano na nusu. Dawa ipo. Kanuni hizohizo zinaruhusu, kama kanuni ya mahali, mtu aliyepoteza mpira auangushe mwingine karibu na ulikopotelea kwa adhabu ya mikwaju miwili, bila kurudi nyuma. Kwenye mashindano yenu wenyewe itangazeni tangu usiku wa kwanza, wakati wa chakula. Itawaokolea muda mwingi kuliko hotuba yoyote ya kuwahimiza watu waharakishe.

Kuna jambo la nyasi. Nyasi za Nairobi na vilima vyake ni za kikuyu, nyasi za asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ambazo leo zimetapakaa hadi Afrika Kusini, Australia na California. Kwenye njia iliyokatwa vizuri zinaubeba mpira juu kama umewekwa kwenye kijiti cha kupigia, utadhani unadekezwa. Nje ya njia zinakamata shingo ya fimbo na kuigeuza mkononi mwako. Mwambieni kila mtu mapema: ukiwa kwenye majani marefu, sahau fimbo ndefu, chukua fimbo fupi, namba 9 au wedji, rudi njiani. Na karibu na grini, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, msitegemee kuviringisha mpira kama mlivyozoea; nyasi hizi zinaukaba. Urusheni utue grini kwenyewe.

Muinuko nao. Dar mnacheza usawa wa bahari. Nairobi mtakuwa mita 1,700 na ushei, na Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Hewa nyepesi inaurefusha mpira kwa kadiri ya asilimia 5 hadi 8. Fimbo inayokupa mita 140 nyumbani itakupa karibu 150 siku ya jua. Agosti, hata hivyo, asubuhi ni baridi, na baridi inaurudisha nyuma sehemu ya faida hiyo, kwa hiyo msishangae namba zikibadilika kati ya shimo la kwanza na la kumi na mbili. Mapafu ndiyo yatakayowasumbua zaidi. Wazee wenu wawili watembee mashimo tisa wakitaka, lakini magari yao ya gofu yahifadhiwe tangu siku ya kuomba nafasi. Klabu nyingi zina magari machache, na wenyeji huyaandikisha mapema.

Urefu wa kucheza mtauamua kwa kanuni rahisi: chukua umbali unaopiga kwa fimbo namba 5, zidisha kwa 36. Anayepiga mita 150 anafaa uwanja wa mita 5,400 hivi. Anayepiga mita 130 anahitaji kama 4,700. Wanaume wa Dar wana ugonjwa wa kwenda tii za nyuma kwa sababu "tumekuja mbali". Huo ndio uamuzi unaogeuza raundi ya saa nne na nusu kuwa msafara. Katibu, amua tii wewe, uziandike kwenye ratiba, na usikaribishe mjadala asubuhi ya mchezo.

Sasa niseme kwa nini Windsor, Muthaiga na Karen.

Windsor ni hoteli yenye uwanja wake, upande wa kaskazini wa jiji, katikati ya msitu na ardhi iliyokuwa ya kahawa. Mnalala hapohapo, mnaamka, mnacheza, na wenza wasiocheza hawaachwi mjini wakitafuta la kufanya. Kwa kikundi hilo peke yake linaupa uwanja alama nyingi. Una vilima, una miti iliyobana sehemu kadhaa, una maji. Sio rahisi. Lakini kwa kuwa mpo nyumbani, hakuna presha ya muda. Mtu akichoka shimo la kumi na mbili anakwenda zake chumbani kuoga. Tumbili wa msituni wana mikono mepesi, ndizi zenu zifungiwe kwenye mifuko. Wawekeni Windsor siku ya kwanza ya mchezo, mcheze kwa timu za watu wanne ambapo wote mnapiga na kuchagua mpira uliotua pazuri zaidi. Mtazoea hewa, nyasi na makedi, wale wabeba mifuko, bila mtu kuhesabiwa peke yake.

Muthaiga ni jina ambalo nusu ya kikundi wanalitaka, nami siwapingi. Klabu ilianzishwa 1913. Hapo ndipo Mhispania Seve Ballesteros alipochukua Kenya Open mwaka 1978, na hapo ndipo mashindano hayo, ambayo tangu 2019 yamo kwenye ratiba ya ziara kuu ya Ulaya, yaani msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, yalipochezwa kuanzia 2022 hadi 2025. Uwanja unapakana na msitu wa Karura. Ugumu wake hauko kwenye tii, uko mbele: maji yanayolinda grini, na grini zenyewe zina mabonde na kasi. Mtu wa handikapu 20 atafika karibu na grini kwa mikwaju ya kawaida tu, halafu apige mitatu au minne kabla mpira haujaingia. Kwa sababu hiyo Muthaiga chezeni wawili wawili, kila mmoja mpira wake, na alama nzuri ya wawili hao ndiyo inayoandikwa. Aliyeharibu shimo anauokota mpira wake, mwenzake anamalizia. Waoga hawataaibika, na wenye 6 watapata uwanja kamili kama wanavyouona kwenye televisheni. Na tafadhali mwambieni dereva ni Muthaiga Golf Club. Kuna Muthaiga Country Club, klabu tofauti, na wageni wengine huishia getini huko wakiwa wamebeba mifuko.

Karen ndiyo ningewapa kwa mashindano ya mtu mmoja mmoja. Klabu ilifunguliwa 1937 kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, na iliandaa Kenya Open ya 2019. Mwaka 2021 ilipokea mashindano mawili ya ziara ya Ulaya mfululizo, baada ya yale ya 2020 kufutwa kwa sababu ya korona. Ardhi yake ni tulivu kuliko Windsor, miguu haiteseki sana, na miti yake ni mikubwa, ya zamani, yenye matawi ya juu. Mti wa namna hiyo una huruma: ukiwa chini yake mara nyingi unaona njia ya kutokea. Mtu wa katikati akicheza kwa akili, anapiga alama zake hapa. Ndiyo maana naiweka mwisho, watu wakiwa wamezoea.

Limuru naipenda. Ni ya mashamba ya chai na miteremko, na wenye miguu mizuri wataikumbuka. Lakini Agosti asubuhi kuna ukungu, baridi inashuka karibu nyuzi 10, wakati mwingine huoni mpira wako umekwenda wapi. Kuwapeleka watu 16 wa Dar huko siku ya nne, wakiwa wamechoka, wamevaa mashati ya Oysterbay, ni kuwaonea. Wapeni nafasi wanane wanaoitaka, siku ya mapumziko, waanze saa nne asubuhi jua likiwa limetoka. Wengine wapumzike, au waende na wenza kutembea Karura.

Siku nilizowabadilishia zina sababu. Jumamosi kwenye klabu za Nairobi ni ya wanachama na mashindano yao. Jumapili nayo hujaa. Ijumaa makampuni hukodi uwanja kwa mashindano ya wateja wao, na ukipata nafasi utacheza nyuma ya watu waliokuja kwa chakula cha mchana. Kikundi cha wageni kinapokelewa vizuri Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu klabu nyingi hutengeneza viwanja, ila kwenye hoteli yenye uwanja wake mara nyingi mtaruhusiwa. Kwa hiyo: Jumapili mnafika na kulala Windsor, Jumatatu mnacheza Windsor, Jumanne Muthaiga, ambako si mbali na hotelini, Jumatano mapumziko, na Limuru kwa wanaotaka, Alhamisi Karen, kisha uwanja wa ndege.

Hiyo Alhamisi nimeipanga kwa barabara. Mkitoka Windsor mapema, chukueni Northern Bypass hadi Ruaka, muingie Western Bypass hadi Gitaru, kisha Southern Bypass mpaka Karen. Mmelizunguka jiji bila kuligusa. Mkimaliza mchezo na kuoga, Southern Bypass hiyohiyo inawashusha Mombasa Road, karibu na uwanja wa ndege. Mizigo yote iwe ndani ya basi tangu asubuhi. Mwendo ni mrefu kuliko kukatiza mjini, lakini ukikatiza Nairobi saa mbili asubuhi na mifuko 16 ya gofu, utajua kwa nini nimesema hivi. Kuhusu basi: watu 19 wenye mifuko 16 hawaenei kwenye Coaster moja. Viti vya nyuma vinaishia kubeba mifuko. Kodini mbili, au moja na gari dogo la mizigo.

Muda wa kuanza usiwekwe mapema mno. Nairobi jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na huzama saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima karibu sawa. Agosti umande unakaa hadi saa mbili, grini zinakuwa nzito, miguu inalowa. Kundi la kwanza lianze saa mbili na nusu; wanne wanne, dakika kumi kati ya kundi na kundi, la mwisho linaanza saa tatu. Kwa mwendo wa saa tano, wote mmemaliza saa nane, mnakula pamoja. Ombeni msigawanywe kati ya shimo la kwanza na la kumi. Mkigawanywa, nusu ya kikundi humaliza ikiwa haijawaona wenzao siku nzima.

Mkiandikia klabu, ulizeni swali moja ambalo wageni wengi hawaliulizi: ni lini mara ya mwisho grini zilitobolewa, na zitatobolewa tena lini? Kila klabu inayojali nyasi zake hutoboa grini mara kwa mara ili udongo upumue, kisha humwaga mchanga. Wiki mbili au tatu baada ya hapo mpira unarukaruka kama uko kwenye changarawe. Uwanja ni uleule, bei ni ileile, furaha haipo. Ulizeni pia kama wana bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, maana klabu nyingi za Kenya zinaitofautisha na bei ya wageni wa mbali, na asiyeuliza hutozwa ya juu. Na hapo Gymkhana ulizeni kama klabu yenu ina makubaliano ya kupokeana na mojawapo ya hizi. Bei mtakayopewa, itenganisheni: ada ya uwanja, kedi, gari, chakula. Kikundi kinachopewa jumla moja kwa mtu huishia kulipia magari ambayo watu kumi hawakuyapanda.

Kedi msimkatae. Kuna wanaodhani ni gharama ya kupunguza. Mimi naiona ndiyo ya mwisho kupunguzwa kwenye uwanja wa miti. Yeye ndiye anayeona mpira wako ulipogonga tawi na ulikoangukia, na kwenye grini za Muthaiga macho yake yana thamani kuliko ya kwako. Mwamini anapokuambia mpira utapinda kushoto hata kama wewe huoni. Malipo yao huwekwa na klabu. Bakshishi mkubaliane kiwango kimoja kwa kikundi chote usiku uliotangulia, ili kedi wa tajiri na kedi wa mwalimu wasiondoke wakitazamana.

Mavazi nayo yanawakamata wageni. Shati lenye kola, lililochomekwa, suruali au kaptura nadhifu, jinzi hapana, kofia inavuliwa ndani ya jumba la klabu, na simu haipokelewi popote utakapo. Klabu hizi zimerithi taratibu za kizamani na zinazilinda. Kwa Agosti ongezeni sweta na koti jepesi la mvua, ingawa mvua kubwa si za mwezi huo. Cheti cha handikapu kila mtu awe nacho. Pasipoti na kadi ya homa ya manjano, hilo mnalijua.

Wale wanawake wanne msiwaweke kundi moja peke yao siku zote tatu. Mara nyingi katibu hufanya hivyo kwa nia njema, halafu wao wanabaki kama wageni ndani ya safari yao wenyewe. Wachanganye Windsor na Muthaiga, Karen waulize wanataka nini.

Nafasi za Muthaiga na Karen ziombwe sasa hivi, kwa barua ya klabu yenu, ikitaja idadi, handikapu na siku mbadala. Wakikubali siku moja tu na nyingine wakakataa, msiivunje ratiba kwa kuwafuata hadi Ijumaa. Muthaiga ikikosekana, weka Sigona kule Kikuyu, yenye miti ya kutosha na grini za kuheshimika, ila mtoke hotelini nusu saa mapema zaidi. Karen ikikosekana, weka Royal Nairobi, iliyoanzishwa 1906, klabu ya gofu kongwe kuliko zote Kenya. Iko upande uleule wa jiji, kwa hiyo safari ya kwenda uwanja wa ndege haibadiliki, na wazee wenu wawili pengine wataipenda kuliko Karen. Vet Lab ya Kabete ibaki akiba ya mwisho. Mkipigiwa simu usiku kuwa mahali fulani pamefungwa, hapo ndipo pa kuulizia kwanza.